Mtungi wa Ramez

"Saini hapo, mpenzi. Ni sentensi moja tu."

Ramez alinisukumia daftari lake la mbizi, maji bado yakimchuruzika kwenye ndevu alizozichonga kwa ajili ya kamera. Nikasoma. Kaandika kwamba mwenzake, yaani mimi, niliishiwa hewa mita kumi na nane chini, akanipa yake na kunipandisha salama.

Nilicheka, maana ningefanya nini? Nusu saa iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa akipitisha kiganja shingoni kuniashiria kwamba hana hewa, macho yamejaa miwani nzima.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili wa sayansi ya bahari, tukishuka kwa meli ya tanga pwani ya Misri, kutoka Hurghada kwenda Marsa Alam. Kila mtu na mwenza wake wa mbizi. Wangu alikuwa Ramez, mchumba wangu wa miezi tisa, bingwa wa kusimulia kwamba alianza kupiga mbizi kabla hajaota jino. Kapteni Gihan, mwalimu wetu, alituonya tutazame vipimo vya hewa. Ramez alitazama kamera. Alijipiga video huku akirusha miguu kama ng'ombe aliyeanguka mtaroni, na mtu wa hivyo hewa haimkai. Dakika ya ishirini na tatu mtungi wake ukaisha. Nikampa kipumulio changu cha akiba, nikamshika mkanda, tukapanda polepole tukivuta hewa ya mtungi mmoja, wangu. Kapteni alikuwa mbele na wenzetu, alituona tumeshafika juu.

Na nilikuwa nimeamua kunyamaza, nimfichie aibu yake. Nilimpenda, sikatai.

"Umeandika kinyume," nikamwambia.

"Nani atajua? Mwanamke akiokolewa na mchumba wake inapendeza. Mwanamume akiokolewa na mchumba wake..."

"Inakuwaje?"

"Inakuwa kichekesho, Shahenda. Jamani, nielewe."

Simu yangu ikalia. Mama yake, Bi Soheir, kaandika kwenye kundi la familia zetu mbili: *Alhamdulillah, binti yetu u mzima. Mwanangu katia roho yake rehani kwa ajili yako.* Chini yake, ujumbe wa baba yangu: *Kesho meli ikifika Marsa Alam, shuka. Nakuja kukuchukua. Bahari basi. Harusi baada ya Idi.*

Miaka miwili nilimbembeleza baba aniruhusu kusoma bahari. Safari hii ndiyo iliyobaki nipate shahada yangu. Na huyu bwana kaiuza kwa maneno mawili matatu ya kujipaka mafuta.

"Ulishawatumia, kabla hata sijasaini?"

"Si walitakiwa kujua."

Nilimtazama, na mapenzi yakanitoka hapo hapo. Sikusikia uchungu. Nilisikia kinyaa.

Baba akapiga simu ya video. Haji Metwalli, mwenye ghala la mitungi ya gesi ya kupikia kule Bakos, Aleksandria, kakaa mlangoni kwake na bilauri ya chai. Nikamweleza ukweli wote, akakunja uso. Alisema nina kiburi, na kwamba badala ya kumvunjia heshima kijana wa watu ningemshukuru.

"Baba, sibishani na wewe. Nakuomba usikilize tu."

Nikaenda na simu mpaka kwenye mitungi, iliyopangwa na majina yetu juu yake, ikisubiri kujazwa. Ramez akanifuata mbio.

"Shahenda, hiyo si ya kuchezea."

"Mwache afungue," akasema Kapteni Gihan, bila kuinua sauti.

Nikafungua koki ya mtungi wangu. Hewa ikafoka mpaka wenzetu wakageuka. Nikaufunga, nikafungua wa Ramez. Ulitoa pumzi moja ya mgonjwa, ukanyamaza.

Baba akaweka bilauri chini.

"Rudia huo wa pili."

Nikafunga, nikafungua. Kimya.

"Wa nani?"

Nikaisogeza simu. Akasoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Bwana Ramez."

"Nipo, Haji."

"Mtungi wa binti yangu bado unafoka, wako mtupu. Alipoishiwa, ulimpa hewa ipi?"

"Mtungi umevuja, Haji. Baadaye, hapa juu."

"Miaka thelathini nauza mitungi, mwanangu. Wanaonirudishia mtupu wakisema umevuja nawajua kwa majina." Kisha akanigeukia mimi. "Shahenda, wewe ndiye uliyempa hewa?"

"Ni mimi, Baba."

"Akakushukuru?"

"Akaniletea daftari nisaini."

Baba akacheka, kile kicheko chake cha puani nilichokirithi. Akasema niendelee na safari, na kwamba dhahabu ya uchumba atamrudishia Bi Soheir mwenyewe, leo leo. Dakika haikupita, ikaingia kwenye kundi: *Bi Soheir, nimeusikiliza mtungi wa mwanao. Saa kumi nitakuwa kwako. Usipike.*

Wenzetu wakajifanya wana shughuli na kamba. Ramez akanivuta pembeni, uso umempauka.

"Sasa nitawaambia nini watu?"

Miezi tisa. Hakuniuliza kama nimeumia, wala kama kuna njia ya kurudi. Aliuliza hilo tu.

"Waambie ulinipa hewa," nikamjibu. "Watakuamini. Mimi mbona nilikuamini uliposema unanipenda?"

Nikamwomba Kapteni Gihan anipe mwenza mwingine kwa mbizi ya mchana. Akasema nitashuka naye mwenyewe. Nikavua pete, nikamwachia Ramez juu ya daftari lake, nikaenda kubeba mapezi yangu.