Bibi wa Kununua

Siku ya Mfalme sisi watu wa Utrecht, Uholanzi, hutandika mablanketi barabarani, tukauza vikorokoro vya darini kwetu, na jioni tukarudi nyumbani na vikorokoro vya wenzetu. Ndivyo tulivyo. Lakini hata upumbavu una mpaka, na Wim aliuvuka siku alipoweka sanduku la Bibi Dorothea katikati ya sufuria kuukuu, akaliuza dada yake Aleida alipokwenda kununua kahawa.

Ukoo mzima ulikuwa mle: barua ambazo Dorothea na mumewe nahodha waliandikiana zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, shajara zake, bangili iliyosukwa kwa nywele za mtoto wao marehemu, na picha ya Dorothea mwenyewe, uso wa upande, iliyokatwa kwa karatasi nyeusi. Mama yao alikuwa anahamia nyumba ndogo, na Wim aliona makaratasi tu. Aleida hakupoteza muda kumgombeza. Alikusanya gauni lake la rangi ya chungwa mkononi akajitosa kwenye umati.

Alimkuta mnunuzi darajani, mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu, anafunga sanduku kwenye baiskeli ya mizigo.

"Kaka, hilo sanduku ni letu. Limeuzwa kwa makosa."

"Muuzaji hakuonekana kukosea, dada. Alinishukuru kwa kumpunguzia mzigo."

"Nitakurudishia pesa yako, na juu yake nitaongeza."

"Sitaki pesa. Nataka kuzisoma hizi barua. Njoo tusome wote, uone kama nitaziharibu."

Jeuri iliyoje. Aleida alikubali huku amefura, akinuia kumganda mpaka aliachie mwenyewe.

Mnunuzi aliitwa Roelof, fundi wa lifti. Kila Jumamosi walikaa dirishani kwake, juu ya mfereji, yeye akisoma barua za nahodha na Aleida akijibu kwa za Dorothea. Nahodha alikuwa mlalamishi wa chakula, Dorothea alikuwa na ulimi wa pilipili, nao wakacheka mpaka machozi. Kufika kiangazi, Roelof alikuwa anampigia simu kazini, kwenye kliniki yake ya meno.

"Nahodha anamuulizia mkewe."

"Mkewe yuko ndani ya mdomo wa mtu. Nahodha kapiga mswaki?"

"Kapiga, mpenzi. Kapiga mara mbili."

Walipendana, hilo halikuwa na ubishi. Lakini Aleida hakulisahau sanduku hata siku moja.

Jumamosi moja jirani alimsimamisha ngazini, mama mcheshi, akamwambia ana bahati kupata mchumba wa ukoo wa manahodha. Roelof, alisema, aliwaonyesha wote picha ya bibi yake Dorothea pale ukutani. Aleida akapanda ngazi zilizobaki damu ikimchemka.

"Tangu lini Dorothea akawa bibi yako?"

Roelof aliweka kikombe chini. "Tangu nilipomnunua."

"Mabibi hawanunuliwi, Roelof."

"Wewe unao wa kutosha. Mimi nimelelewa nyumba za watu, sina hata picha ya aliyenizaa. Jirani aliniuliza huyu ni nani, ulimi ukateleza."

"Ulimi huteleza mara moja. Wewe umewatangazia ngazi nzima."

"Na wewe je? Unanipenda, au unangojea sanduku?"

Mwanzoni ilikuwa kweli, na Aleida alilijua hilo. Alichukua koti lake akaondoka, na njia nzima alilia bila kujali nani anamtazama. Simu za Roelof hakuzipokea. Alimtumia ujumbe mmoja tu, kwamba analitaka sanduku, na lote.

Ikaja siku ya kuzaliwa ya mama yake. Viti vilipangwa duara sebuleni, kipande cha keki kwa kila mtu, na kama desturi yetu, anayeingia humpa hongera kila mwanafamilia, si mama peke yake. Kengele ikalia. Alikuwa Roelof, kaloa mvua, sanduku begani.

"Kila kitu kimo," alisema, akilitua. "Na majirani nimewaambia ukweli."

Aligeuka aondoke, akagongana na shangazi Griet aliyekuwa anaingia. Shangazi, ambaye hasikii vizuri wala haulizi, alimshika mkono akamwambia hongera kwa siku ya mama. Roelof akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema yeye si wa familia. Shangazi alikuwa ameshapita kwa Wim.

Aleida akasimama. "Roelof, usiondoke."

"Sanduku nimeshaleta."

"Nimeliona. Kwa hiyo leo hakuna wa kusema nangojea sanduku. Nakutaka wewe. Nioe."

Sebule nzima iliacha kutafuna.

"Unanihurumia," Roelof alisema taratibu.

"Ningekuhurumia ningekuachia sanduku. Nakupenda."

Roelof akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Wim," mama alisema, akikata keki, "inuka umpe shemeji yako kiti."

Wim akainuka. Mgeni aliyefuata alipoingia alizunguka duara mkono kwa mkono, na alipomfikia Roelof akampa hongera ya mama. Roelof alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante.