Anayeitika Besi ya Nurdine

Sauti haikuzimika, na mwanzo ulikuwa huo tu. Shaweji alizungusha kizungushio kipya cha sauti mpaka mwisho, pale gita la besi linapopaswa kunyamaza, lakini waya mnene ukaendelea kunguruma ndani ya spika. Alikagua alipochomelea, pakawa safi. Akaulaumu umeme wa mji wao wa Mocímboa, ambao siku zote husingiziwa kila kitu, akaenda kunawa mikono.

Gita lilikuwa la kaka yake, Nurdine, aliyepotea siku mji uliposhambuliwa na watu wakaukimbia. Wanafamilia walilifukia uani kabla ya kukimbia. Waliporudi wakalifukua, na vizungushio vyake viwili, cha sauti na cha kulainisha mlio, vilikuwa vimeliwa na kutu, vinakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Nurdine mwenyewe hakuonekana, hai wala maiti. Haula, mkewe, alikataa mumewe asomewe hitma. Hakulia pia. Alipika, alifua, na kila mlo alimtengea mumewe sahani. Shaweji aliiona sahani ile na hakusikia chochote moyoni. Alikuwa ameshachoka kusikia.

Kisha ikapatikana harusi kijijini Diaca, na bendi haiwezi kwenda harusini bila besi. Shaweji akaagiza vizungushio bora kutoka Mtwara, vikavushwa mpakani Namoto, akavifunga nyumba ikiwa tupu, jua likiwa utosini. Alipojaribu waya wa kwanza, yakamponyoka maneno ambayo bendi yao huyasema kila besi inapotakiwa kuanza: "Haya, Nurdine!" Akayarudia, kwa mazoea ya jukwaani. Pwani yote inajua kuwa jina la asiyekuwepo haliitwi saa hiyo, maana anayeitika si yeye.

Aliporudi kutoka kunawa, chumba kilinuka mafuta ya nazi. Nurdine alizoea kupaka nyaya mafuta hayo kabla ya kupiga. Haula alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mihogo.

"Shemeji, nani anapiga?" alinong'ona.

"Hakuna mtu. Ni hizi potenciómetros mpya tu, vizungushio vya sauti, hazijatulia."

"Hiyo mikono yake. Naijua."

Shaweji akachomoa waya wa spika, na besi haikukatika, ikahamia kwenye mbao za gita, kisha sakafuni, kisha nyayoni mwake, ikapanda polepole magotini huku harufu ya nazi ikizidi kuwa nzito mpaka akaisikia kooni, na mwili wake wote ukataka kukimbia, lakini miguu, iliyokwisha kukimbia mara moja katika maisha yake, ikakataa.

Mchana wa siku ya pili, besi ikingali inanguruma, akaitwa Mwalimu Buanali, anayesomea watu wenye majini. Alifukiza ubani, akauliza, akasikiliza, akashusha sauti.

"Jini hili halina jina lake. Linaitikia la Nurdine, maana hamjamuaga. Someni hitma sasa hivi, litakosa jina, litatoka."

"Na tusiposoma?" Shaweji aliuliza.

"Leo limeshika gita. Kesho litataka mtu. Na wa karibu yake ni huyu," akamwonyesha Haula kwa kidevu.

Shaweji alitandika mkeka upesi. Ndipo Haula alipoinuka. Uso wake haukuwa na hasira wala machozi. Alikunja ule mkeka, akachukua viatu vya Mwalimu, akaviweka nje, ncha zikitazama barabarani.

"Haula, huyo si Nurdine," Shaweji alisema. "Nakuomba, dada yangu."

"Najua si yeye," alijibu. "Kila siku namwita mume wangu, kimya. Hili nikiliita, linaitika."

Akageukia chumbani.

"Mume wangu," akaita kwa upole.

Besi ikakatika ghafla. Na mle ndani, mahali pasipo mtu, sauti ya kiume ikajibu, "Naam."