Aliyesimama Kwenye Kona

Siku ile tulishinda uani kwa jirani yangu MaZondi tukipukuchua mahindi. Binti yake, Nomkhosi, alikaa kizingitini anafuta kioo cha kamera kwa upindo wa gauni. Kazi ya msichana yule ilikuwa kupiga picha barabara za huku kwetu Msinga usiku, zikiwa tupu. Nilimwuliza kama mchana hazionekani. Akacheka, akanieleza kuwa gizani kamera husimamishwa kwenye miguu yake mitatu na jicho lake huachwa wazi muda mrefu. Anayetembea haonekani pichani. Anayeonekana ni aliyetulia.

"Basi mimi sitatokea kamwe," nikamwambia. "Sijatulia tangu niolewe."

Tulikuwa tunamngoja baba yake mdogo, Bhekani, mkubwa wa ukoo aliyebaki, twende tukamrudishe kaka wa Nomkhosi nyumbani. Kaka mtu, Mfanafuthi, aligongwa na lori kwenye kona iliyo juu ya mto. Mwili tulishauzika. Lakini aliyefia barabarani hubaki barabarani mpaka mkubwa wa ukoo aende na tawi la mkunazi wa porini, amwite kwa jina, amwongoze hadi ndani. Njia nzima mwenye tawi husema na marehemu peke yake: hapa tunavuka, hapa tunapinda, hili ni lango. Haongei na aliye hai. Kila neno litokalo kinywani mwake ni la marehemu, naye marehemu hulishika kama amri. Hata watoto wetu wanajua.

Bhekani alitakiwa afike asubuhi. Alifika jua linazama, ananuka pombe, ndani ya koti jipya la kujionyesha. Angekuwa mwanangu ningemrudisha alikotoka. MaZondi alimpokea. Alikuwa anamtaka mwanawe.

Kwenye kona Bhekani alifanya vizuri, sitamsingizia. Alipiga goti, akalaza tawi pale lami ilipokwaruzwa, akaita. Alipoliinua, mkono ulimshuka kidogo, kama mtu aliyepewa mzigo. Tukamfuata kimya. Giza lilikuwa limeshaingia.

Mbele yetu, katikati ya barabara, palisimama ile miguu mitatu. Nomkhosi alitaka picha ya kaka yake akirudi.

"Baba mdogo," akanong'ona, "usiikanyage."

Bhekani alikuwa ameshajikwaa. Pombe ikamjibia.

"Kaa hapo hapo," akamwambia binti, "na usinifuate."

Nikaona mkono wake unapanda. Tawi lilikuwa jepesi, upepo unalichezea.

Tulikwenda nalo hivyo hivyo, tungefanya nini. Tukalilaza nyuma kabisa ya nyumba ya msonge, mahali pa waliotangulia. Akaletwa mbuzi. Mbuzi akilia ndipo tunajua mtu wetu ameingia. Huyu alitutazama tu. Alichinjwa hajatoa sauti.

Kesho yake Nomkhosi alituonyesha picha. Sisi wote hatukuwemo. Barabara tupu. Pembeni amesimama mtu mmoja, anaangalia upande tuliokwenda. Ukosi wa shati umekunjika kwa ndani, upande mmoja, kama Mfanafuthi alivyovaa siku zote.

MaZondi aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Ameambiwa akae," akasema. "Amekaa."

Bhekani alirudi, safari hii hajanywa, akamwomba marehemu radhi na kumwita upya. Mbuzi wa pili naye akanyamaza. Ikawa kila giza likiingia Nomkhosi huenda kwenye kona na kamera yake. Kila picha, yupo pale pale. Ilinyesha mvua. Pichani shati limemgandia mwilini.

MaZondi akaacha kula. Uji niliompelekea niliukuta umeota ngozi. Jioni moja nikamwona Nomkhosi anarudi kutoka porini ameshika tawi la mkunazi. Nikamwambia mwanamke habebi tawi, na asilete mikosi juu ya mikosi.

"Maneno yale niliambiwa mimi, Bibi," akasema. "Kaka anashika amri isiyo yake. Naenda kumwambia hivyo."

Ningejua, ningemzuia kwa fimbo. Nilidhani atarudi.

Kabla hakujapambazuka mbuzi alilia zizini kwa MaZondi. Hapakuwa na mtu aliyemgusa. Akalia tena. Nilipofika, mlango wa msonge ulikuwa wazi. Tawi limelazwa nyuma kabisa, mahali pake, bichi, lina umande. MaZondi alikuwa amelala chini, shavu juu ya miiba ya tawi.

"Ameingia," akaniambia. "Mwanangu ameingia."

Kisha akainua kichwa.

"Nomkhosi yuko wapi?"

Kamera tuliikuta kwenye kona, juu ya miguu yake, jicho bado wazi. MaZondi alijua kidude cha kubonyeza, binti yake alimfundisha. Picha ikatokea kwenye kioo cha nyuma. Barabara tupu. Pembeni amesimama Nomkhosi, mikono mitupu, miguu ameibananisha, anaangalia huku kwetu. Amri ilikuwa yake, sasa anaishika yeye.

Tulitafuta mtoni na magengeni. Polisi walitafuta. Hata kiatu hakikupatikana.

Bhekani alikuja na tawi. MaZondi alimkuta langoni, akasimama katikati.

"Tawi ni la marehemu," akasema. "Wangu amekufa lini?"

Bhekani akalishusha tawi. Akimwita kwa tawi amemwua. Asipomwita, yuko pale. MaZondi kachagua asiitwe, na lango bado analifunga kila akimwona Bhekani.

Asubuhi za umande lami yote ya kona ile huloa, isipokuwa mahali pawili, pembeni, saizi ya nyayo za msichana. Vidole vinaelekea kwetu. Malori hupita juu yake, na pale panabaki pakavu.

Nikipita pale nafumba mdomo, nisije nikamwambia neno akalishika. Hata kikohozi nakimeza.