Vyumba vya Usoni

Mlango ule ulikuwa na kasoro tangu uliposhushwa kwenye mkokoteni. Ulitoka katika nyumba kuukuu iliyokuwa ikibomolewa, na mtu fulani alikuwa ameupigilia misumari katikati ya mbao, mahali pasipo na fremu wala bawaba, mingine kutoka upande huu, mingine kutoka upande wa pili. Seremala aliucheka. Alimwambia mkewe kwamba aliyefanya kazi ile labda alikuwa mlevi, akaing'oa misumari yote na kuitia kwenye kopo.

Sasa, fundi huyu alikuwa na mazoea yake. Kila akikata mbao, huinama akaweka pua kwenye mkato mbichi na kuvuta pumzi mpaka kifua kijae. Alijisifu kwamba anaweza kufumba macho akakutajia mti wowote. Mkewe alimtania kwamba angekuwa anamnusa yeye hivyo, nyumba ingejaa watoto. Walikuwa na mmoja tu, msichana mnene aliyekuwa anajifunza kutembea, na walimwita Kisiki kwa sababu akishakaa mahali hang'oki.

Msumeno ulipomaliza kuukata mlango ule, fundi akainama juu yake, akavuta. Harufu haikuwa ya mti. Ilikuwa ya nywele zilizoungua, na ilipanda puani ikiwa na joto, ikaenda juu, haikushuka tena.

Kichwa kikaanza kumuuma kabla jua halijazama. Kilimkamata kwenye paji la uso, kikateremka nyuma ya macho hadi kwenye mashavu, na kila alipoinama kuchukua kitu alihisi patasi ikigongwa katikati ya nyusi. Daktari alimminya mashavu akamwambia ni sainasi. Alimweleza kwamba mifupa ya uso ina vyumba vitupu vya hewa, na vumbi la mbao limeviziba. Akamwagiza avae barakoa kazini, aoshe pua kwa maji ya chumvi, ajifukize kwa mvuke, alaze kichwa juu ya mito miwili. Fundi alifuata yote, na mkewe alimkandia uso kwa kitambaa cha moto kama anayepiga pasi. Alipata nafuu. Lakini kila siku jua likisimama utosini, maumivu yalirudi na nguvu mpya, na sasa yalirudi na sauti.

"Hebu sikiliza," alimnong'oneza mkewe siku moja mchana, wamekaa kibarazani. "Weka sikio hapa."

Mkewe akaweka sikio kwenye paji la uso la mumewe. Alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha tabasamu likamtoka. Mle ndani mtu alikuwa anatembea, anaburuta mguu mmoja, anasimama, anagonga ukuta, anaendelea, kama mpangaji anayekagua nyumba.

"Baba Kisiki," alisema polepole, "humo mna mtu."

Dawa iliyofanya kazi fundi aliigundua kwa bahati mbaya. Maumivu yalimkuta karakanani, yakampofusha, akashika nyundo na kukipiga kiti cha mteja mpaka kikawa kuni. Pua ikazibuka papo hapo. Hewa ikaingia, baridi, tamu, kichwa kikawa chepesi, naye akasimama katikati ya vipande akicheka kwa raha. Kesho yake kiti hakikutosha. Jogoo alitosha. Baada ya jogoo akafuata mbwa wa jirani, ambaye alikuja akitikisa mkia, na fundi alilia huku akimponda, lakini alipumua vizuri siku nzima. Halafu shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kumsaidia kubeba kabati. Nyundo ilimvunja mfupa wa bega, ukasikika ukikatika. Nafuu ya safari hiyo ilidumu kuliko zote, na hapo fundi akaelewa anakopelekwa.

Siku maumivu yaliporudi, Kisiki alikuwa amekaa juu ya unga wa mbao akichezea maranda. Fundi alijikuta anamtazama utosi. Alikuwa anaupima, kwa jicho la kazi, jinsi anavyopima mahali pa kupiga msumari. Akaitupa nyundo juu ya paa, akamwita mkewe kwa sauti iliyokwaruza, akamwomba amfunge kamba kwenye meza ya kazi kabla hajaua mtoto. Mkewe hakuuliza mara mbili.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyekuja na sufuria yake mwenyewe. Alimnusa fundi kichwani, akauliza alichokata. Jibu halikutoka mdomoni. Lilitoka puani, jembamba, na midomo ya fundi haikucheza.

"Alinibomolea. Nilikuwa na nyumba moja. Yeye ana vyumba vitupu."

"Utajengewa nyingine," mganga akaliambia lile jini. Akawaeleza kwamba mbao za mlango ule zigeuzwe sanduku, na misumari ileile irudi, kutoka nje na kutoka ndani. Fundi alilijenga mwenyewe kwa nyundo nyingine, kafungwa miguu, damu ikimtiririka kutoka puani, mkewe akimpa misumari mmoja mmoja kutoka kwenye kopo na kumwambia, "Malizia, mume wangu, malizia."

Kisiki alipelekwa kwa jirani. Mganga akachemsha majani yake, akaweka sufuria na sanduku lililo wazi mbele ya fundi, akamfunika pamoja na vyombo hivyo kwa blanketi. Mganga na mke wa fundi wakaziba pua zao kwa pamba. Alionya kwamba likitoka litatafuta chumba cha karibu, na kila mwenye uso anavyo.

Mvuke ulipompanda, fundi alinguruma, na meza aliyofungwa ikaruka, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa karakana mpaka machozi yakawatoka, na wote walisikia kuta zikigongwa ndani ya uso wake, huku na huku, juu na chini, mguu ukiburutwa kwa haraka, kamba zikakatika, kiwiko chake kikampata mganga mdomoni na meno yakamwagika sakafuni, mganga akaanguka, na mke alipoona mumewe anataka kulitupa blanketi alijirusha juu yake kwa uzito wake wote, akaingiza kichwa ndani ya mvuke, akamkumbatia shingo, na fundi akagonga kwa kisogo uso wa mkewe mara moja, mara ya pili, pamba zikachomoka, kisha akapiga chafya moja ambayo ilitikisa mabati.

Kifuniko cha sanduku kilijibamiza. Mganga, mdomo umejaa damu, akatambaa na kukipigilia.

Fundi akavuta pumzi. Hewa ilipita mpaka mwisho. Alinusa majani, akanusa jasho, akanusa sabuni shingoni kwa mkewe, harufu aliyokuwa ameisahau, akamshika mkono akalia kama mtoto. Mkewe alimfuta, akasema pua inamuuma kidogo tu, ni yale mapigo.

Kesho yake fundi aliamka mzima. Alikwenda kumchukua Kisiki kwa jirani, akamtembeza taratibu akimshika mkono, na walipokaribia nyumbani jua lilikuwa utosini. Kutoka karakana alisikia nyundo. Mpigaji hakuwa na haraka.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye unga wa mbao. Sanduku lilikuwa limepasuliwa vipande vipande, na ndani yake hamkuwa na kitu, hata harufu. Kando yake alilala paka wa nyumbani, au kilichobaki cha paka. Mkewe alikuwa amefumba macho, anavuta hewa kwa pua, taratibu, kwa raha ambayo fundi aliijua vizuri.

"Kichwa kimeachia," alisema kwa upole. Kisha akakunja uso, akabonyeza kwa kidole katikati ya nyusi. "Kidogo."

Akafumbua macho, akamtazama Kisiki utosini, kwa muda, kama anayepima.

Fundi akamsukuma mtoto nyuma ya miguu yake, akanyoosha mkono kuomba nyundo. Mkewe hakumpa.