Keki ya Soda kwa Kaka wa Bibi Harusi

Siku Eunike alipokutana na Sirili, soko la Kiboriloni lilikuwa limejaa mpaka njia za katikati ya mitumba hazionekani. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililombana kidogo mabegani, ana malimau manane kwenye mfuko, na kilichobaki kununua kilikuwa kimoja tu. Mbele ya duka la jumla kijana mrefu mwenye kofia ya kijani alikuwa akishusha makreti ya soda.

"Naomba moja ya limau," Eunike alisema kwa sauti yake ndogo. "Ya moto."

Kijana alimtazama, kisha akalitazama jua. "Saa saba hii mchana, dada? Wenzako wanagombania za kwenye friji."

"Siinywi."

"Unaioga?"

Alicheka bila kupenda. Akamweleza, macho yakiwa kwenye viatu vyake, kwamba soda ile anaitia kwenye keki, na kwamba ya baridi huigandisha siagi ikawa madonge. Kijana akaifuta chupa vumbi kwa upindo wa shati lake. Akasema hawezi kumpa mpaka ajue anakaa wapi, kwa sababu chupa lazima irudi. Kesho yake jioni aliifuata chupa, akala vipande vitatu amesimama mlangoni. Wiki iliyofuata alikuja na kreti zima.

Eunike alikuwa amesomea mapishi chuoni miaka miwili, na sasa alioka keki za oda katika chumba chake cha kupanga palepale Kiboriloni. Keki aliyojulikana nayo ilikuwa hiyo ya soda na malimau. Aliioka katika kopo zito lenye tundu katikati na mikunjo kumi na sita pembeni, alilolifukua kwenye rundo la vyombo vya mitumba, hivyo ikitoka inakuwa duara kama kata ya kubebea maji kichwani. Sirili aliipenda keki, akampenda na mwokaji. Kila asubuhi, kabla hajapakia mzigo, alipiga simu.

"Keki yangu imeamkaje?"

"Imeamka na kisu mkononi."

"Basi nakuja nikatwe."

Miezi saba ilipita hivyo, halafu wakakubaliana siku ya wazee wake kushuka Uru kwenda Old Moshi, nyumbani kwa kina Eunike, kubisha hodi na kujitambulisha.

Siku hiyo Mzee Anaeli, baba yake Eunike, mzee wa kanisa la Kilutheri asiyecheka ovyo, alivaa koti lake la Krismasi. Viti viliazimwa nyumba nne za jirani. Mashangazi walikaa upande mmoja, wajomba upande mwingine, na tangu saa tatu asubuhi kila gari lililopanda mlima lilinyamazisha mazungumzo. Saa tano, hakuna mtu. Saa sita simu ya Sirili ilikuwa haipatikani. Saa nane mchana Mzee Anaeli alivua koti, akalikunja juu ya mkono, akasema, "Turudishe viti vya watu."

Eunike alibeba viti kichwani, viwili viwili, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilimpokea kwa huruma iliyomchoma kuliko matusi.

Jioni hiyohiyo aliifunga namba ya Sirili kwenye simu yake. Jirani yake Gladness akapewa maagizo: akija kijana wa soda, mwambie Eunike amehamia Arusha. Kijana alikuja mara mbili, akaambiwa, akaondoka. Miezi mitatu Eunike hakupanda nyumbani, maana alijua atapita kwenye zile nyumba nne. Alikuwa msichana mpole, wa kumwomba radhi hata kuku aliyemkanyaga. Lakini usiku na mchana alikuwa anatafuta namna ya kumfanya Sirili asimame mbele ya watu wengi akose pa kuweka uso.

Namna hiyo ililetwa na mama mmoja aitwaye Yuditha. Alipiga simu akasema amekula keki ya Eunike kwenye kipaimara, anataka kama ile kwa sendofu, sherehe ya kumuaga mtoto wa dada yake anayeolewa, Jumamosi, ukumbini Moshi mjini. Eunike aliandika: watu mia tatu, keki kubwa ya ghorofa tatu ya kupamba, na moja ya soda ya kulishia ndugu.

"Bibi harusi anaitwa nani, mama?"

"Monica. Monica wa Uru. Ana kaka yake mmoja tu, Sirili, huyo ndiye wa kulishwa wa kwanza baada ya wazazi."

Eunike aliishika simu kwa mikono miwili. "Nitaleta mwenyewe," alisema. "Na nitasimama pale kumkatia."

Ijumaa alianza kuoka. Alisugua maganda ya malimau kwenye kikwaruzo mpaka vidole vikanukia. Akapiga siagi na sukari kwa mwiko wa mbao. Mashine ilikuwepo, lakini hasira yake ilitaka kazi. Siagi iligeuka nyeupe, akaendelea kupiga. Akavunja mayai moja moja, kila moja akiligonga ukingoni mwa bakuli kama anayemgonga mtu utosini. Unga ukafuata. Soda aliiacha mpaka mwisho kabisa, maana ukiifungua mapema gesi inakimbia na keki inakaa kama tofali. Alipoing'oa kizibo ile pumzi yake ilimfikia usoni, akamwona kijana wa kofia ya kijani akifuta chupa kwa shati. Aliimimina haraka, akageuka, akalifungua dirisha.

Keki ilitoka ya dhahabu. Aliiacha dakika kumi na tano kama ilivyo sharti, akalifunika kopo kwa sahani, akapindua. Ilishuka nzima, mikunjo yote kumi na sita.

Kisha akaenda kwa Gladness kuomba shubiri. Gladness alikuwa na mche wake kwenye ndoo mlangoni. Ndio aliomwachishia mtoto wake ziwa.

"Unamwachisha nani?" aliuliza.

"Mtu mzima."

Gladness akakata jani nene. "Usitie kidogo basi."

Eunike alikamua ule utomvu wa njano, akauchanganya na maji ya sukari. Akachagua mikunjo miwili iliyokaa pamoja, akaitoboa kwa sindano ndefu, akainywesha shubiri tone kwa tone mpaka ikashiba. Juu ya keki yote akamwaga sukari ya unga iliyokorogwa na maji ya limau. Penye ile mikunjo miwili akapachika jani la mlimau, ili mkono wake usikosee kesho.

Ukumbi ulikuwa na vitambaa vya zambarau na maua ya plastiki, na muziki uliotikisa vioo. Monica alivaa gauni la rangi ya shaba na kilemba kirefu. Sirili alikaa meza ya mbele, suti ya kijivu, amekonda, kidevu kimechongoka. Alipomwona Eunike akisogea na keki, mavazi meupe ya kazi, aproni imepigwa pasi, aliinuka nusu. Mama yake alimshika mkono akakaa.

Mshereheshaji aliwaita wazazi. Walilishwa, ukumbi ukapiga vigelegele, na mama yao akasema keki hii ina kitu. Ikaja zamu ya kaka. Mshereheshaji alimsimamisha Sirili katikati, akamwambia kaka mtu ndiye mlinzi wa mlango, tunataka tumwone akifurahi. Kamera mbili zilisogea. Eunike alikata penye jani la mlimau, vipande viwili, akaviweka kwenye sahani. Monica akachukua kimoja, akakiweka kinywani mwa kaka yake.

Uso wa Sirili ulikunjamana, macho yakajaa maji. Eunike alisubiri ateme. Alikuwa amejiandalia hata kicheko.

Sirili alitafuna. Alitafuna polepole, anamtazama Eunike, si Monica, akameza. Paji la uso lilimtoka jasho.

"Ni tamu eh?" mshereheshaji alimpelekea maiki. "Kaka analia."

"Ni yangu kabisa," Sirili alisema, sauti imekwaruza. "Naomba kile cha pili."

Watu walicheka, wakidhani ni uroho. Akakijia mwenyewe kile kipande cha pili kwenye sahani, kilichokuwa na tundu za sindano kama cha kwanza, akakila chote, mpaka chembe za sukari alizilamba kidoleni. Kisha akainama kama anayemshukuru mwokaji, akamwambia kwa sauti ya wao wawili tu.

"Siku ile baba mkubwa Denis aligoma asubuhi. Alisema yeye Mkatoliki haongozi watu kwenda kuoa kwa Walutheri. Bila mzee wa kunisemea nisingeweza kusimama kwenu. Nilizunguka Uru nzima kutafuta mwingine, sikupata, na nilizima simu kwa sababu nilikosa la kukuambia. Kuzima simu ni kosa langu. Hiki nilichokula ni haki yangu."

"Miezi mitatu, Sirili. Ungeniambia."

"Niliambiwa uko Arusha. Nikaenda kusema kwenu." Alikohoa, akafuta mdomo. "Kaangalie ua wa baba yako, karibu na lango."

Monica tayari alikuwa anaita mashangazi. Eunike akakata vipande vingine, vitamu. Alikuwa amepata alichokitaka, na sasa hakukitaka tena.

Jumapili asubuhi na mapema alipanda Old Moshi. Alipita zile nyumba nne akiwaamkia watu. Kihamba cha baba yake, shamba la nyumbani la migomba na mibuni kama la jirani, kilizungushiwa ua wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo wenyeji wa mlimani huipanda mpakani, na ambayo jani lake moja likifungwa fundo huwa ni ombi la msamaha. Karibu na lango alisimama. Jani la kwanza lilikuwa limefungwa fundo likiwa bado kwenye mti wake, limeshaanza kukauka. La pili lilikuwa pembeni yake. Aliyahesabu kwa kidole, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho lililokuwa bado bichi. Yalikuwa kumi na mawili.

"Kila Jumapili," alisema baba yake, amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo baba. Ulikuwa unajua?"

"Marahaba. Nilimwona siku ya kwanza nikiwa dirishani. Hodi nilisikia."

"Hukutoka?"

"Ningetoka angenipa jani la isale mkononi. Nikishalipokea mkononi lazima nimsikilize, ndiyo mila yenyewe. Sikutaka kumsikiliza, nilikuwa na hasira. Naye alipokosa wa kumpokea akafunga palepale kwenye ua." Akanywa kahawa. "Nikaanza kuhesabu nione ataishia ngapi."

Eunike alimtazama baba yake, akajua alikoutoa moyo wake. "Nimemlisha shubiri jana, baba. Mbele ya watu mia tatu."

Mzee Anaeli alishusha kikombe. "Akatema?"

"Alimeza. Akaomba tena."

"Hm," alisema mzee, na ukingo wa mdomo wake ukacheza.

Saa tatu Sirili alitokea langoni. Safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa na mjomba wake Tito, mzee wa fimbo, aliyekuwa amekubali hatimaye kumsemea. Sirili alikuwa na jani la isale mkononi, limefungwa fundo. Mzee Anaeli alitoka, akampokea Mzee Tito kwa heshima zote, akamwingiza ndani akamwekea kahawa. Langoni kwa Sirili akasimama Eunike.

"Uliwaacha watu wa kwetu wakisubiri tangu saa tatu mpaka saa nane," alisema.

"Ndiyo."

"Basi simama hapo."

Akaingia jikoni kwa mama yake, akawasha jiko, akaomba mayai. Hakukuwa na kopo lenye mikunjo, akachukua sufuria, akasimamisha katikati kikombe cha bati kilichopakwa siagi ili tundu lipatikane, na makaa akayaandaa, ya kuweka chini na ya juu ya mfuniko. Jua lilipanda. Jirani mmoja alipita, akarudi na mwenzake, na mpaka saa sita wenye zile nyumba nne wote walikuwa wamepita kumtazama kijana wa suti ya kijivu aliyesimama na jani. Aliwaamkia wote. Hakukaa hata kwenye jiwe.

Harufu ya maganda ya limau ilivuka ua. Eunike alichungulia.

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro dakika kumi," alisema Sirili.

"Malizia."

Dakika kumi zilipokwisha alitoka, amejifunga kanga, unga kwenye shavu. Alinyoosha mkono. Sirili alimpa jani, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa kulishika.

"Soda nimekosa," Eunike alisema. "Rojo la keki liko jikoni linaisubiri, na duka la huku wanazo za friji tu."

Sirili aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa chupa ya soda ya limau. Ilikuwa imekaa kifuani mwake tangu Uru, ya moto kama uji.

"Na chupa lazima irudi," alisema.

"Utaifuata. Hapahapa, na wazee wako."

Kwenye kizingiti Mzee Anaeli alikuwa amesimama, amevaa lile koti la Krismasi. Aliliangalia jani mkononi mwa binti yake, akamwangalia kijana, akavuta pumzi.

"Eunike," alisema, "kaazime viti vya watu."