Ubavu wa Kushoto

"Dada, mlango una rangi mbichi!"

Fundi rangi alichelewa kusema. Mpimaji wa mapafu alikuwa ameshaupiga bega, na koti lake jeupe likalamba kijani toka begani hadi kiwikoni. Wagonjwa waliojaa kwenye korido ya hospitali wakaangua kicheko.

"Ulishindwa kuweka kibao?"

"Niliweka. Umekiegemea."

Kwa kijani hicho wakajuana. Haikupita miezi mingi fundi akawa halali bila kumpigia simu, na moyoni alishaamua kuoa. Alikuwa akitafuta tu siku ya kusema.

Kisha hospitali ikaletewa mashine mpya, mpimaji akataka mtu asiyeumwa wa kuijaribia.

"Mzima kama chuma niko hapa," fundi akajitapa, akavua shati.

Mpimaji akamfunga mkanda kifuani. Umeme hafifu, usiosikika hata kidogo, ukapita mwilini, na kwenye skrini yakatokea mapafu yake mawili, yakiwaka na kufifia kwa kila pumzi.

"Lala ubavu wa kushoto, mpenzi."

Akalala. Pafu la kulia likafifia kama taa inayoishiwa mafuta. Mpimaji akaguna, "Mh!" Papo hapo umeme wa jengo ukakatika, naye akaitwa wodini mbio.

Fundi akavaa shati, akaondoka. Miaka yote ya kuvuta vumbi la msasa na mvuke wa rangi ilikuwa imemfikia. Hakutaka kumwachia mtu ujane. Simu ikaita na kuita, hakupokea, mpaka dada yake mkubwa akachoshwa na mlio, akaipokea mwenyewe.

"Wifi, huyu anasema pafu lake moja limekufa. Hali, haongei, kazi kunijazia kiti tu."

"Mlete, dada. Hata kwa kumburuta."

Akaletwa. Mpimaji alikuwa na koti lilelile. Kijani kilikataa kutoka. Hakumsalimu. Akamkaza mkanda.

"Ubavu wa kulia. Lala."

Akalala. Pafu lililokufa likawaka. La kushoto, lile zima, likafifia.

"Ukilala ubavu, pafu la chini ndilo linalovuta hewa zaidi. Watu wazima wote tuko hivyo, bwana wee! Nilitaka kukugeuza, umeme ukazima. Nimelia wiki nzima nikidhani umepata mwingine."

"Na ile 'mh' yako?"

Mpimaji akatazama ukutani. "Ya kifua. Cha nje."

Dada mkubwa akakohoa, akatoka zake.

"Basi nataka kukuoa," fundi akasema.

"Unaniposa umelala? Kaa kitako."

Akakaa, mkanda kifuani, nyaya zikining'inia. "Utakubali nikuoe?"

Kwenye skrini mapafu yote mawili yakasimama: hayawaki, hayafifii. Mpimaji akayatazama, bila haraka.

"Pumua, mume wangu."