Laptopu ya Ajeng

Picha ilikuwa ya tangazo la bima. Msichana aliyependeza, simu ya toleo jipya mkononi, na mbele yake mezani laptopu nene ya kijivu, ya kizamani hasa. Ilipowekwa mtandaoni, watu wa Semarang, mji wa Indonesia, walicheka. Wako wanaopenda kukagua matangazo na kusaka laptopu zilizopitwa na wakati, na hii waliishangilia. "Hiyo bima inalipa hadi kompyuta ya marehemu bibi yangu," mmoja aliandika.

Niken hakucheka. Meza ile aliipanga yeye, na laptopu aliyoiweka ilikuwa mpya, nyembamba kama sinia.

"Mas, hii imetoka wapi?" alimuuliza mumewe Wiratmo, mpiga picha na mwenye studio. Kwa Kijava yeye humwita mumewe Mas, yaani kaka, naye huitwa Dik, mdogo.

Wiratmo aliikuza picha kwenye skrini. Juu ya kifuniko kulikuwa na kibandiko cha ua la yasmini, kimechanika ukingoni.

"Ya Ajeng," akasema. "Lakini vitu vyake vyote nilivitoa sadaka tulipooana, Dik. Ulikuwepo."

Ajeng alikuwa mke wake wa kwanza, aliyefariki kabla Niken hajaolewa. Niken hakuwahi kumwona, lakini aliishi naye. Akipika supu ya soto, alijiuliza kama ya Ajeng ilikuwa tamu zaidi. Mumewe akinyamaza, alijua anamwaza nani. Wiratmo hakuwahi kuwalinganisha. Niken alijilinganisha mwenyewe, kila siku, na kila siku alishindwa.

Walipiga picha upya. Laptopu ikatokea tena, safari hii imefunguliwa, skrini inawaka, na studio nzima ikanuka yasmini na waya ulioungua. Ikatokea kwenye tangazo la chai, ikatokea kwenye la sabuni. Wateja walilalamika, wacheshi wa mtandaoni wakazidi kusherehekea. Niken alipotaka kuifuta, Wiratmo alimshika mkono.

"Hiyo iache kwanza."

"Ya nini?"

"Iache tu, Dik."

Aliyasema hayo bila kuondoa macho kwenye picha, na Niken akahisi kifua kinawaka. Hofu kwamba huenda ni jini ilikuwepo, lakini wivu uliizidi.

Alasiri moja ya mvua, akiwa peke yake studio, alisikia nyuma ya kitambaa cheupe cha kupigia picha vidole vikigonga vibonye, taratibu, kama mtu anayeandika huku akifikiri. Alikifunua kitambaa asione kitu, akaelekeza kamera pale pale na kupiga, kisha akatazama kwenye kioo cha kamera na kuiona laptopu imekaa sakafuni, na juu yake mikono miwili ya mwanamke iliyopakwa hina, isiyo na mwenyewe, na kwenye skrini yamejipanga maneno ambayo Niken hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote, maneno aliyoyasema moyoni tu akiwa amelala kando ya mumewe: laiti Ajeng angalikufa pamoja na jina lake.

Ndipo akaitwa Nyai Romlah, mama mtu mzima anayewasomea watu wenye mashetani. Alisoma, akapulizia maji, akamnyunyizia Niken usoni. Kinywa cha Niken kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Wewe ni Ajeng?" Nyai akauliza.

"Ajeng yuko kwa Mola wake. Hana habari na nyumba hii."

"Basi nani kakuleta?"

"Huyu hapa. Kila siku ananiita kwa wivu wake, na kila siku ananishibisha. Nimevaa tu kile anachokichukia."

Niken alipozinduka, Nyai alimfuta uso. "Nenda kaburini kwake, mwanangu, ukamwombee dua. Kwa moyo, si kwa mdomo. Huyu anakula chakula kimoja tu. Ukimnyima, atahama."

Wakaenda. Niken alimwaga maua juu ya kaburi, akasoma Fatiha yote bila kukosea. Lakini macho yake yalikuwa kwa Wiratmo, aliyekuwa akilia bila sauti, na alikuwa anajiuliza kama yeye angeliliwa hivyo.

Tangu hapo picha zikatoka safi. Laptopu haikuonekana tena, harufu ikakatika, wateja wakarudi. Wiratmo akawa mchangamfu, na asubuhi moja akamwomba Niken akae mbele ya taa ili apime mwanga. Akapiga, akatazama kioo cha kamera, akatabasamu tabasamu ambalo Niken alikuwa amelitamani tangu siku ya ndoa yao.

"Umependeza, Ajeng," akasema, wala hakutambua alichosema.

Niken alitaka kumsahihisha. Alitaka kulitaja jina lake mwenyewe, akalitafuta ulimini asilipate, na akiwa bado analitafuta akaisikia sauti laini isiyo yake ikitoka kinywani mwake, ikijibu kwa furaha:

"Asante, Mas. Nimekukumbuka."